Fonti ya mlazo yenye mapambo kwenye kadi ya harusi: ianzie wapi, iishie wapi

Swali limetoka kwa dada mwenye duka la steshenari mjini Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Anaandika hivi: "Kazi yangu kubwa ni kadi za mchango na za mwaliko wa harusi. Hivi karibuni nimepata fonti ya herufi za mlazo, yenye serifi na mikia mirefu ya mapambo. Wateja wakiona majina ya maharusi yameandikwa kwa fonti hiyo wanaipenda mara moja. Lakini nilipochapa kadi nzima kwa fonti hiyo, wazee wawili waliniambia hawakuweza kusoma jina la ukumbi, na mwingine alikosea namba ya simu ya kutumia mchango. Kadi 150 bado sijazigawa. Je, fonti ni mbovu, au ni mimi nisiyejua matumizi yake? Na je, naweza kuitumia kwenye bango la mgahawa wa jirani na kwenye lebo ya kahawa niliyoombwa kuitengeneza?"

Dada yangu,

Fonti yako si mbovu. Nimeitazama picha ya kadi uliyoniletea na ninaona kwamba aliyeichora aliijua kazi yake: mikunjo imetulia, unene wa herufi unapanda na kushuka bila kukwama, na mkia wa K unamalizika mahali panapostahili. Ila umeipa kazi ambayo haikuumbwa kuifanya. Fonti ya aina hii huchorwa ili iandike maneno mawili matatu, kwa ukubwa, mahali ambapo msomaji atatazama kwanza na kusoma baadaye. Nawe umeiandikia mistari kumi na minane pamoja na namba tatu za simu. Lipo pia jambo la pili, ambalo katika miaka yangu ya kusanifu machapisho hapa Arusha nimelisikia likisemwa mara chache mno, nalo ni kwamba nyingi ya fonti hizi hujaribiwa na wachoraji wake kwa maneno ya lugha za Ulaya, ilhali Kiswahili huzitwisha mzigo herufi ambazo wao hawakuzishughulikia sana. Nitayaeleza yote mawili, kisha nije kwenye kadi, bango na kahawa.

Watu wengi hudhani kwamba herufi ya mlazo ni herufi ya kawaida iliyoinamishwa kulia. Italiki, kama herufi ya mlazo inavyoitwa, ikiwa ya kweli ni mwandiko wa mkono uliogeuzwa kuwa herufi za chapa, na ndiyo maana maumbo yake ni mengine kabisa: herufi a hupoteza kile kichwa chake cha juu na kubaki duara lenye mguu, f huteremka chini ya mstari, v na w huacha pembe na kupata mikunjo, na serifi, yaani vile vijiguu vilivyo kwenye ncha za herufi, hugeuka kuwa alama za kalamu inayogusa karatasi na kuiacha. Mlazo wenyewe unaweza kuwa wa digrii 5 tu, au ukafika hata 20, na fonti nzuri hujulikana kwa maumbo yake kabla ya kujulikana kwa kuinama kwake.

Mwandiko huo ulikomaa Italia katika karne ya 15, kwa wasomi waliotaka kuandika upesi bila kupoteza uzuri. Mwaka 1501 mchapaji Aldus Manutius wa Venice alichapa mashairi ya Virgil, kitabu kizima, kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Zilikuwa herufi ndogo, za kusomwa, zisizo na mbwembwe; hata herufi kubwa zake zilisimama wima. Mikia na mapambo yalipata nguvu baadaye kupitia mabingwa wa mwandiko kama Ludovico degli Arrighi, aliyekuwa mwandishi wa hati katika ofisi za Papa mjini Roma, na ambaye mwaka 1522 alichapisha kijitabu cha kufundisha mwandiko huo. Kwa hiyo ndani ya fonti yako wamo watu wawili: msomaji wa kitabu kidogo na mwandishi wa hati ya heshima. Katika fonti ya mapambo, huyu wa pili ndiye aliyeshika usukani.

Ule wembamba wa mistari unaoupenda una historia yake, na historia hiyo inagusa duka lako moja kwa moja. John Baskerville wa Birmingham, aliyewahi kuwa mwalimu wa mwandiko na mchongaji wa maandishi ya mawe, alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1757 alikuwa ameboresha wino, ametafuta karatasi laini kuliko iliyozoeleka, na anaipitisha karatasi iliyokwisha kuchapwa kwenye bamba za moto ili ing'ae. Bila hayo, mistari yake myembamba isingeonekana. Giambattista Bodoni wa Parma na ukoo wa Didot wa Paris wakaja kuusukuma wembamba huo hadi ukawa kama unywele. Tangu mwanzo, basi, herufi hizi zilidai karatasi yao. Wewe umezichapa kwenye kadi ngumu yenye mikunyo, yaani uso wenye mabonde madogo madogo, kwa rangi ya dhahabu, juu ya rangi ya maziwa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mstari mwembamba wa fonti yako ni sehemu 20 kati ya 1000 za ukubwa wa herufi, kipimo ambacho si kigeni katika fonti za vichwa. Ukiichapa kwa pointi 12 (pointi 72 ni inchi moja), mstari huo utakuwa na pointi 0.24, yaani inchi moja ukiigawa mara 300, au milimita 0.08 hivi. Printa inayoweka nukta 300 kwa inchi itakuwa na nukta moja tu ya kuuchora, na nukta hiyo ikiangukia kwenye bonde la mkunyo wa kadi, mstari umekatika. Ukiichapa fonti hiyo hiyo kwa pointi 72, mstari unafika nusu milimita, na hapo hata jicho la mzee aliyeketi chini ya taa hafifu litauona. Ndiyo sababu jina la maharusi lilipendeza na jina la ukumbi likapotea, ingawa yote mawili yaliandikwa kwa fonti moja. Siku hizi kadi nyingi hutumwa pia kama picha kwa WhatsApp, ambayo huibana picha ili iwe nyepesi, na kinachoanza kufutika ni mistari hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye Kiswahili. Maneno yetu, kwa kawaida, humalizika kwa irabu. Fonti nyingi za mapambo zina herufi maalumu za kumalizia neno, zenye mkia unaoelea, na wachoraji huziweka kwa wingi kwenye d, h, k, n, r na t, kwa kuwa lugha zao humalizia maneno kwa konsonanti hizo. Kwetu mikia hiyo haipati kazi. Ukitaka fonti itakayoipamba lugha yetu, angalia kwanza kama ina a na e za kumalizia, kisha i na o. Andika Upendo, andika Neema, andika Elibariki, uone mwisho wa kila jina unavyokaa. Vivyo hivyo Q, ambayo katika fonti nyingi ndiyo herufi iliyopewa mkia mzuri kuliko zote, haimo katika Kiswahili sanifu. Na ule muungano wa c na t kwa upinde wa juu, unaotangazwa kwa fahari katika vielelezo vya fonti, kwetu haujitokezi, kwa kuwa c yetu haitembei bila h.

Mzigo wetu unaangukia K, M na W, pamoja na u, n na m ndogo. Herufi k ndogo katika italiki za mapambo mara nyingi hupewa kichwa cha duara, na duara hilo likizidi, k husomeka kama R ndogo au kama h. Kwa Mwingereza hilo ni jambo dogo, kwa kuwa k yake ni adimu. Kwetu sisi ni karibu, kwa, katika, kadi, ukumbi, shukrani. Herufi u na n za mlazo ni umbo moja lililogeuzwa juu chini, hasa katika fonti nyembamba, na msomaji huzitofautisha kwa kuona kiungo kiko juu au kiko chini. Viungo hivyo ndivyo vyembamba kuliko sehemu zote za herufi. Vikififia, neno nunua, ambalo kila mwenye duka analihitaji, hubaki safu ya vijiti vilivyoinama kama ua lililosukumwa na upepo. Jaribu pia ununuzi, muumini na umuhimu. Fonti inayoyapita maneno hayo matatu ni fonti ya kuaminiwa.

Neno ninalolipenda kwa majaribio ni la mkoani kwako: Mwika. Lina M kubwa inayofuatwa na w, lina i katikati, lina k, na linaishia kwa a. Ukiliandika kwa pointi 60 na tena kwa pointi 24, ukalisoma ukiwa umesimama hatua mbili nyuma, utakuwa umejua mengi. Ongeza majina ya koo ambayo hutaacha kuyaandika maishani mwako, kama Mmari, Massawe, Kimaro na Lyimo, na wateja wa upande wetu wa Meru watakuletea Kaaya, Nnko na Mollel. Katika Mmari na Nnko, mkia wa herufi kubwa huingia chini ya herufi ndogo inayofanana nayo na kufanya fungu moja lisilotenganika. Hapo badilisha herufi kubwa, uchukue ile isiyo na mkia. Usisahau ng'. Katika baadhi ya fonti sikio la g, yaani kile kijiti kidogo cha juu yake, huugonga ule mkato, na ng'ombe wa mgahawa hugeuka neno lisilosomeka.

Herufi hizo mbadala kwa kawaida zimo ndani ya fonti yenyewe. Mfumo wa OpenType, uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, unaruhusu faili moja kubeba maumbo kadhaa ya herufi ileile. Katika Word, tangu toleo la 2010, utayapata kwenye dirisha la fonti, sehemu ya mipangilio ya ziada. Katika CorelDRAW, ambayo najua ndiyo inayotumika katika maduka mengi ya kadi, uwezo huo ulikuja na toleo la X6, kwa hiyo kama kompyuta yako ina toleo la zamani zaidi hutayaona. Inanisikitisha kuona watu wakiivumilia K isiyofaa miaka mitatu wakati K nyingine imelala ndani ya faili hilohilo.

Tabia mbili za dukani naomba uziache kabisa. Ya kwanza ni kuibonyezea italiki kitufe cha mlazo. Imekwisha kuinama, ukiibonyeza tena, kama faili la mlazo limesimikwa kama fonti ya pekee, kompyuta huiinamisha kwa nguvu mara ya pili na kuipotosha mikunjo yake. Kitufe cha kukoza nacho, kama fonti haina mkozo uliochorwa na mchoraji mwenyewe, huzinenepesha herufi pande zote, na ile tofauti ya nene na nyembamba, ambayo ndiyo uhai wa fonti hii, hufa. Ya pili ni kuandika neno zima kwa herufi kubwa za mapambo. Kila moja ya herufi hizo ilichorwa iwe ya kwanza katika neno, ikifuatwa na ndogo zilizotulia. Ukiandika MWALIKO kwa herufi saba zenye mikia, kila moja inapiga vigelegele wakati mmoja na hakuna anayesikia jina la bibi harusi.

Kwenye kadi yenyewe ningepanga hivi. Majina ya maharusi yakae katikati kwa fonti yako, kati ya pointi 36 na 60 kwa kutegemea urefu wa majina, na mkia mmoja tu, ama mwanzoni mwa jina la kwanza ama mwishoni mwa jina la pili. Neno "Mwaliko" au "Karibuni" laweza kuandikwa kwa fonti hiyo pia, kwa ukubwa wa nusu ya majina. Kati ya majina mawili wengi huweka ile alama ya &, ambayo katika italiki nzuri ni pambo la kweli kwa sababu bado unaziona ndani yake e na t za Kilatini, et, maana yake "na". Si kosa kuitumia. Mimi huandika "na", kwa kuwa ni neno letu, ni fupi, na linaishia kwa a inayoweza kubeba mkia. Kuanzia hapo chini, yaani familia za Bwana na Bibi wa Marangu au wa Kibosho, kanisa au msikiti, ukumbi, tarehe, saa 12:00 jioni, na kama kadi ni ya mtu mmoja au wawili, tumia fonti ya wima iliyochorwa kwa ajili ya kusomwa. Ninayoitumia mara nyingi ni Gentium, iliyochorwa na Victor Gaultney wa SIL, shirika linaloshughulikia lugha, kwa nia ya kuzihudumia lugha nyingi za dunia. Ina serifi, kwa hiyo inapatana na fonti yako kama ndugu wa baba mmoja, na hutolewa bure. Pointi 11 au 12, wino mweusi au kahawia iliyoiva. Dhahabu iachie majina.

Namba ndilo jambo ninalolikazia kuliko yote. Katika fonti nyingi za mapambo tarakimu hazilingani kimo: 3, 4, 5, 7 na 9 huteremka chini ya mstari, 6 na 8 hupanda, na 0 hubaki ndogo kama herufi o. Katika mwaka wa harusi ulioandikwa kwa ukubwa, mpangilio huo ni mzuri mno. Katika namba ya kutumia mchango kwa simu ni hatari, kwa kuwa tarakimu moja ikisomwa vibaya fedha ya mtu hufika kwa asiyehusika, na kuirudisha ni safari ndefu. Yule mzee wako hakukosea. Kadi ndiyo iliyomkosesha. Namba za simu ziandikwe kwa fonti ya wima, tarakimu zote kimo kimoja, zikigawanywa kwa mafungu ya tatu tatu au nne.

Kanga inatufundisha vizuri katika hili. Pindo lake hujaa maua na mji wake hupambwa kwa kila namna, lakini jina lake kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa za wima, wazi, ndani ya kisanduku chake. Pambo limepewa eneo lake na neno limepewa lake.

Bango la mgahawa nitalieleza kwa ufupi. Watengeneza mabango hukadiria kimo cha herufi cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, na hicho ni kipimo cha herufi kubwa za wima zisizo na pambo, kwa hiyo fonti ya mlazo inahitaji zaidi. Mikia nayo hula nafasi: jina lenye mkia juu na mkia chini likiingizwa kwenye bango la kimo cha sentimita 50, herufi ndogo zake zinaweza kubaki na kimo cha sentimita 10 tu. Jina la mgahawa, kama ni neno moja, liandike kwa fonti yako bila mikia. Vyakula na bei viwe kwa herufi za wima. Kama jirani anataka stika ya kukata kwa mashine abandike kwenye kioo, hakikisha mstari mwembamba haupungui milimita 2. Nilipoanza kazi niliwahi kubandika jina la duka moja hapa Arusha kwa herufi nyembamba kuliko hapo, na kabla ya mwaka kwisha jua na vumbi vilikuwa vimezing'oa nywele zote, zikabaki zile sehemu nene zimetawanyika kwenye kioo. Nilirudi nikaibandua na kuiandika upya kwa gharama yangu.

Lebo ya kahawa ndiyo kazi inayoifaa fonti hii zaidi ya zote ulizotaja, na nakushauri uifanye kwa moyo wote. Kahawa ya Kilimanjaro ina historia ya kubeba jina lake kwa heshima; KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa mkoa wenu, kilianza mwaka 1933. Pakiti hushikwa mkononi, husomwa kwa umbali wa sentimita 40, na ina neno moja kubwa ambalo ni jina lake. Mlazo huliingizia jina hilo mwendo, na ile tofauti ya nene na nyembamba hukaa vizuri juu ya karatasi ya kahawia iliyo laini. Uzito, tarehe ya kukaangwa na namna ilivyosagwa viandikwe kwa Gentium au fonti nyingine ya wima. Mteja akitaka jina lipigwe kwa karatasi ya dhahabu inayobandikwa kwa joto, kumbuka kwamba dhahabu hiyo hutambaa kidogo ikibanwa, ikaziba matundu ya e na a. Kwa hiyo ongeza ukubwa na uachanishe herufi kwa kiasi kidogo sana, kwa kuwa italiki ikiachanishwa mno mwandiko wake hukatika. Omba kipande cha majaribio kabla ya kulipia chapa nzima.

Kagua pia leseni ya fonti yako. Fonti nyingi zilizopakuliwa bure ni za matumizi binafsi tu, na lebo inayouzwa ni biashara. Ukikuta leseni hairuhusu, zipo mbili nzuri zenye leseni huria ya SIL, inayoruhusu kazi za kulipwa: Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen, ambayo mlazo wake ni mnene kiasi na huvumilia kadi yenye mikunyo, na Cormorant ya Christian Thalmann, iliyo nyembamba zaidi na ndefu shingo, ambayo nisingeitumia chini ya pointi 30 kwenye printa ya kawaida.

Kuhusu zile kadi 150 ambazo hujazigawa, usizitupe, kwa sababu majina yametokea vizuri. Chapa kikaratasi cha ukubwa wa nusu ya kadi, kwenye karatasi laini, kwa herufi za wima za pointi 12, kikiwa na ukumbi, tarehe, saa na namba ya simu, ukitie ndani ya kila bahasha. Chini ya namba ya mchango andika jina kamili lililosajiliwa kwenye laini hiyo, ili anayetuma alilinganishe na jina litakalotokea kwenye simu yake kabla hajaingiza namba ya siri.